Kinga Kutu, Chupa Buku Tatu

Sylvester alishuka kwenye basi Haydom, mji wa hospitali kubwa, akiwa na begi moja, suti moja, na sababu kadhaa za kutorudi Singida. Hakuwa mgonjwa, wala hakuja kumtazama mgonjwa, na kwa hilo alikuwa mtu wa pekee katika basi zima. Alipangusa vumbi viatuni, kisha akaanza kazi yake ya siku zote: kusikiliza watu wanalalamikia nini.

Hakusubiri sana. Mbele ya kibanda cha petroli cha Fabiola, dereva wa bodaboda aitwaye Festo alikuwa ameinamisha pikipiki, anamwaga tangi kwenye beseni. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Kutu," Festo alisema. "Mvua hizi zitatumaliza. Kabureta nimeisafisha juzi tu."

"Usinitazame mimi," Fabiola alijibu kutoka ndani. "Nauza petroli, siuzi mvua."

Madereva wengine sita wakasogea, kila mmoja na hadithi ya kutu yake. Sylvester aliwatazama kama mchungaji anavyotazama kanisa lililojaa siku ya harambee.

Mchana huohuo alinunua dumu la mafuta ya alizeti kwenye mashine ya kukamulia ya mama mmoja, Marieta, nyuma ya soko. Marieta alipouliza, alimwambia anafungua mgahawa. Akapata chupa tupu za kahawia duka la dawa, na steshenari wakamchapia lebo: KINGA KUTU. Hulainisha injini. Hulinda tangi. Fomula ya Japani. Japani wenyewe hawakuwa na habari.

Asubuhi alisimama kijiweni, mbele ya kibanda, na suti yake.

"Ndugu zangu, wazee wanajua. Pikipiki za zamani zilikuwa zinachanganyiwa oili kwenye petroli. Uongo?"

Kwenye benchi la Fabiola alikaa baba mkwe wake, Mzee Hhando, mtu ambaye hakuwahi kuulizwa swali akaliacha.

"Kweli kabisa," alisema. "Katekista wetu alikuwa nayo. Ilitoa moshi kama jiko la kuni."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Na pikipiki hiyo ilipata kutu?"

"Hata kidogo. Iliibiwa."

"Mmesikia!" Sylvester akageukia umati. "Mwizi anaiba kilicho kizima!"

Hakusema kwamba injini zile za zamani zilitengenezwa kwa mchanganyiko huo, na kwamba hizi za leo zina oili yake mahali pake. Mtu hawezi kusema kila kitu. Alisema tu kifuniko kimoja kwa lita, chupa buku tatu, elfu tatu tu, na kwamba tangi litang'aa ndani kama sahani ya harusi. Kisha akamvuta Fabiola pembeni.

"Dada, uza wewe. Kila chupa, mia tano yako."

"Naanza lini?" Fabiola aliuliza, mkono tayari uko kwenye katoni.

Kinga Kutu iliuzika kupita soda. Kila dereva aliyemwona mwenzake ananunua alinunua mbili. Baada ya siku nne, barabara ya kuelekea hospitali ilikuwa na ukungu mwembamba wa bluu, na Haydom yote ilinukia maandazi. Mbwa walizifukuza pikipiki kwa matumaini mapya. Mke wa Festo alimnusa mumewe akamuuliza ni nani huyo anayempikia mchana.

"Harufu hiyo," Sylvester alieleza kwa upole, "ndiyo kutu inaungua."

Mambo yaliharibika Jumanne, siku ya kliniki ya presha. Festo alimpakia Mzee Hhando, na kwenye mlima wa kwanza pikipiki ikakohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza. Plagi ilikuwa nyeusi tii na inanata kama imetoka kwenye asali. Mzee alitembea kilometa mbili na fimbo yake juani. Alipofika, muuguzi alipima presha mara tatu, kisha akampigia simu Fabiola aje amchukue, na maneno aliyomwambia yalimfanya akimbie bila kufunga kibanda.

Alimkuta mzee kalazwa kitandani, amefumba macho. Fabiola alishika mkono wake. Alifikiria zile mia tano.

"Baba?"

Mzee alifumbua jicho moja. "Njia nzima nimenusa maandazi," alisema, "na hakuna aliyenipa hata moja."

Jioni hiyo, mzee akiwa amerudi salama, Fabiola alichukua chupa ya Kinga Kutu, akaimimina kwenye kikaango na kupasua mayai mawili. Yaliiva vizuri, rangi ya dhahabu. Mzee Hhando akayala yote na kusema Wajapani wanajua kupika.

Fabiola hakupiga kelele. Alikwenda kwa Marieta.

"Kuna mtu ananunua alizeti kwako dumu kwa dumu?"

"Yule wa suti. Ana mgahawa."

"Mgahawa wake unakaanga pikipiki zetu," Fabiola alisema, na wakakaa chini kupanga.

Kesho yake Sylvester alipigiwa simu na sauti nzito yenye heshima. Ilikuwa ya Abdulswamad, mfanyabiashara wa spea Katesh, ambaye Fabiola amekuwa akinunua matairi kwake miaka mingi.

"Nimesikia habari za dawa yako, ndugu yangu. Hanang nzima wanaililia. Mimi nataka madumu ishirini. Chupa sitaki, nitafungasha mwenyewe. Lori langu linakuja Jumamosi, na pesa taslimu."

Akataja bei. Sylvester alikaa chini kwenye kitanda cha gesti. Madumu ishirini! Angekwenda Arusha, angenunua suti ya pili. Alikimbia kwa Marieta na kila senti aliyokusanya Haydom.

"Bei imepanda," Marieta alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu umeingia."

Siku nyingine Sylvester angebishana hadi mashine izimwe. Siku hiyo alicheka, akalipa, na kumwonea huruma mama wa watu asiyejua biashara.

Jumamosi saa nne madumu yalikuwa yamepangwa nje ya gesti. Saa sita lori halijaonekana. Waliokuja ni Festo na madereva wenzake, wengine wanasukuma pikipiki, wakajipanga ukutani. Fabiola alikuja na Mzee Hhando na kiti chake. Sylvester akapiga simu.

"Ndugu yangu," alisema Abdulswamad, "nimeambiwa dawa yako ni nzuri sana kwa mayai. Mimi nauza spea. Mke wangu ndiye mpishi, na anasema anayo ya kutosha."

Simu ikakatwa. Mwenye gesti akatoka kuuliza madumu yanaondoka lini. Sylvester alitazama huku na huku, akamwona Marieta kasimama na mkokoteni.

"Mama! Nirudishie pesa, chukua mafuta yako."

"Mimi nanunua alizeti," Marieta alisema. "Hii si dawa ya pikipiki?"

Festo aliinuka taratibu.

"Ni alizeti," Sylvester alisema chinichini.

"Mzee hasikii vizuri," Fabiola alisema.

"Ni alizeti!" Sylvester alipaza sauti. "Alizeti tupu! Haki ya Mungu sijachanganya hata tone!"

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya kweli tangu ashuke kwenye basi, na ilimtoka kwa uchungu kama jino.

Marieta akainunua nusu bei. Pesa haikupita mkononi kwa Sylvester. Fabiola aliipokea, akaigawa kwa madereva, ya plagi na ya fundi, na kilichobaki kilitosha nauli ya kwenda Singida, kiti cha nyuma kabisa. Kabla ya kumkabidhi nauli walimvua koti na kumpa brashi. Alisafisha kabureta saba, moja baada ya nyingine, Festo akimwonyesha alipoacha uchafu. Mzee Hhando alihesabu kwa sauti.

Alipomaliza, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, alivaa koti na kumgeukia Fabiola kwa adabu zote.

"Dada, kwaheri. Na zile mia tano za kila chupa, umeshawaambia wenzako?"

Madereva wote saba wakageuza shingo.

Fabiola alitazama kibanda chake, akatazama spana mkononi mwa Festo.

"Lita moja moja bure," alisema hatimaye. "Kila mtu."

"Mbili," alisema Festo.

Basi lilipoondoka, foleni kwenye kibanda ilikuwa imefika barabarani. Kwenye kiti cha nyuma, Sylvester aliihesabu kupitia dirishani mpaka ilipopotea kwenye vumbi, akicheka peke yake.