Neno Langu la Daraja

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa hii. Mkuu wetu wa Kitengo cha Maneno anastaafu. Atakayerithi kiti chake ni yule ambaye neno lake litanasa watu wengi kabla ya Ijumaa. Sisi ndio tunaoamua wananchi watafute nini mtandaoni na wasitafute nini. Ukiandika neno tulilolifunga, simu inakujibu hakuna kitu. Kazi ya heshima! Mwenzangu wa meza ya pili, namwita Miwani, ameshaleta neno lake la kufungwa: "mgomo". Mgomo! Hilo hata mtoto angeliwaza.

Jioni mke wangu kalalamika tena. Ati daraja la mtoni, analovuka kila siku kwenda kwenye cherehani yake, linatikisika. Nguzo moja ina ufa, na watoto wa shule wanapita hapo hapo. Nikaweka kijiko chini. "Daraja bovu"! Hakuna aliyeliwaza. Nikamwambia mke wangu yeye ni hazina. Akauliza kama basi nitawaambia wahandisi. Maskini, hajui serikali inavyofanya kazi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeliwasilisha kwa Mkurugenzi. Limepita papo hapo, likafungwa kabla ya chai. Nikakata korido kifua mbele. Miwani akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Kila anayetafuta neno lililofungwa, mtambo unamhesabu. "Mgomo" linatafutwa asubuhi hadi jioni. Langu? Hata mtu mmoja! Nani alikuwa na habari na daraja? Miwani kaniuliza, ofisi nzima ikisikia, kama neno langu liko likizo.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara, ila zangu ziliota kwa ndani. Jioni nikaenda kunyoa ndevu. Nikamwonya kinyozi, kama ofisa wa serikali, asithubutu kutafuta "daraja bovu". Akauliza kuna nini darajani. Nikamjibu hakuna kitu, na ole wake. Nikamwonya na mwenye duka. Nikamwonya na shemeji yangu, ambaye siri haikai kwake hata akiwa amelala. Wote nikawaapisha wasimwambie mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Nani kama mimi? Mji mzima unatafuta daraja! Mtambo umezidiwa, ukazimwa upumzike. "Mgomo" limeachwa mbali. Mkurugenzi kanishika mkono mbele ya wote, akasema nchi inahitaji macho kama yangu. Miwani roho ikamuuma, nilimwona. Nikakijaribu kile kiti. Kinazunguka.

Mke wangu anasema leo watu walijaa chini ya daraja wakimulika nguzo kwa simu. Nimemwambia watu hawana kazi za kufanya.

Ijumaa, 8 Machi

Daraja limefungwa. Umati ulizuia magari tangu asubuhi, ikabidi wahandisi waje. Mmoja akaingiza mkono kwenye ufa, ukazama mpaka kwapani. Wakatoka chini yake mbio. Wanasema lisingemaliza msimu wa mvua.

Waziri aliyelizindua akamfokea Mkurugenzi. Mkurugenzi akaenda mwenyewe kuuliza umati ni nani kawaambia. Kinyozi akamjibu kwa adabu zote:

"Hakuna aliyetuambia, mzee. Tulikatazwa tu, na jirani yetu wa serikalini."

Kiti kapewa Miwani. Mimi nimepelekwa stoo, chini ya ngazi.

Nyumbani nimemkuta mke wangu analia. Kanishika mikono yote miwili.

"Mume wangu, umeokoa watoto wa watu. Leo najivunia kuwa mkeo."

Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi. Miaka yote naficha mambo kwa ustadi, sijasikia hata ahsante. Nimefichua moja kwa bahati mbaya, nasifiwa! Nikamwambia asirudie maneno hayo mbele ya majirani, yatanivunjia jina. Akanifunika shuka, akasema sawa.

Jumatatu, 11 Machi

Stoo. Viti vilivyovunjika miguu, ndoo, ngazi moja. Kwa nyuma kuna chumba kitupu, panya mwenyewe kakihama. Mwingine angekata tamaa. Lakini ofisa ni ofisa, hata umweke kwenye ndoo. Nikakitia kile chumba kufuli. Nikatafuta kipande cha boksi, nikaandika kwa herufi kubwa, nikakibandika mlangoni pake: NI MARUFUKU KUULIZA KILICHOMO HUMU.

Kabla ya chakula cha mchana foleni ilishafika juu ya ngazi. Wahasibu, madereva, mpaka mpishi na mwiko wake. Miwani kakiacha kiti kinachozunguka, kaja kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwishowe akashuka Mkurugenzi na askari wawili, akataka nifungue. Nimekataa katakata. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba mengine hata yeye hapaswi kuyajua. Alitoka jasho!

Wiki haijaisha watanirudisha juu. Kesho naongeza kufuli la pili.