Ukimya wa Wati Mia Nane na Hamsini

Kwa Shemeji,
Fundi Kompyuta na Mshauri wa Familia Asiyeulizwa,
Nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Ndugu Shemeji,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA KELELE ZANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku tu wazima, ila tunasikiana.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu uliyekunywa naye chai juzi. Nimeamua kuandika kwa sababu maneno ya mdomo nyumbani kwangu hayana tena faragha, kama nitakavyoeleza, na lawama zote zinaelekea kwako.

Kwa ajili ya kumbukumbu, naomba nianze mwanzo. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, na kazi naifanyia sebuleni, kwenye ile meza iliyobanwa kati ya ukuta wa chumba cha mama na mlango wa jikoni. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikizimika yenyewe kila nilipojaribu kuizungusha nyumba ya ghorofa mbili kwenye kioo. Ukaifungua, ukachungulia, ukatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, ukasema kosa si la kompyuta bali ni la pawasaplai, lile sanduku la chuma linaloipa kompyuta umeme wake.

"Hii ni ya wati mia nne, Shemeji," ulisema. "Na kadi ya picha uliyoiweka inakula zaidi ya nusu peke yake. Unalisha watu kumi kwa sahani moja."

Tangu hapo sikupumua. Kwa wiki mbili ulinifundisha kuchagua pawasaplai kana kwamba natafuta mchumba. Nikaambiwa nisitazame tu wati zilizoandikwa ubavuni, maana kuandika kila mtu anaweza. Nitazame uzito wa sanduku, miaka ya dhamana, na umeme kiasi gani unapotea bure kwa kugeuka joto. Nikaambiwa feni pana inayozunguka polepole ni bora kuliko feni ndogo yenye haraka. Nikaambiwa nijumlishe mahitaji ya mashine nzima, kisha niache nafasi ya kutosha juu yake, ili sanduku lisifanye kazi likihema. Mwishowe ukachagua wewe mwenyewe: wati mia nane na hamsini, yenye feni ambayo haizunguki kabisa mpaka joto lipande. Jumamosi iliyopita ukaja na bisibisi, ukafunga, ukawasha. Nikakuuliza, "Mbona haijawaka?" Ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Imewaka, Shemeji. Ndiyo hiyo."

Sikatai kwamba tangu siku hiyo haijazimika hata mara moja. Ningekuwa mtu wa visingizio ningesema imezimika. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Bomba la jikoni linavuja. Limekuwa likivuja, naambiwa, tangu mwaka jana. Dada yako anasema aliniarifu mara nne, na kila mara nilitikisa kichwa na kusema "sawa, sawa." Zamani nilikuwa mume mwenye bomba zima. Sasa nikawa nasikia tone, kisha tone, kisha kile kimya cha kusubiri tone. Jumatatu nililazimika kulitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Saa nzima ya kazi ikapotea, na hakuna aliyenipa pole.

2. Dada yako akirudi mchana kutoka dukani kwake, huongea na simu akiwa jikoni. Hili unalijua, maana nusu ya maongezi hayo ni na wewe. Nilichokuwa sikijui ni kwamba humo ndani mimi huitwa "Mwenye Mashine." Jumanne nilimsikia waziwazi: "Mwenye Mashine yupo, lakini hayupo. Ukiwa na la kumwambia, mwandikie." Nikatoka kwenda kumuuliza huyo ni nani. Akanitazama bila hata chembe ya aibu. "Kumbe leo una masikio?" Nakuuliza, Shemeji, kama fundi: dhamana ya miaka saba inashughulikia jambo kama hilo?

2(b). Hili nililisahau, na sitaki kuandika upya ukurasa mzima. Ukimya una pande mbili. Zamani nikisinzia kidogo juu ya kibodi, mngurumo uliniwakilisha. Aliyekuwa jikoni aliisikia mashine akajua mtu yuko kazini. Sasa vidole vikisimama dakika tatu tu, swali linavuka mlango: "Umelala?"

3. Nina mteja tunayemwita Bwana Roshani, kwa sababu kila wiki huongeza roshani moja kwenye nyumba ambayo haijapata hata msingi. Zamani alipopiga simu, niliisogeza simu karibu na kompyuta na kupaza sauti, "Sikupati vizuri, mashine inanguruma!" na maongezi yakaisha kwa heshima. Jumatano alipiga. Kwa mazoea nikaisogeza simu kwenye kompyuta. Akasema, "Leo nakupata vizuri sana, kama uko hapa kando yangu." Nikaifunika simu kwa kiganja, nikamnong'oneza dada yako kwamba mtu huyu akipewa nafasi ataweka roshani hata chooni. Kiganja, Shemeji, hakitoshi. Kutoka upande wa pili akauliza, "Kwani chooni haiwezekani?"

Sasa naichora. Nachora roshani ya chooni, na kosa si langu.

4. Mama.

Hapa naomba usome polepole. Unajua kwamba mama alihamia kwetu mwezi wa kwanza baada ya kupasuliwa koo, na kwamba sauti yake imebaki kama ya mtu anayesema siri. Unajua pia jinsi nilivyokuwa nikimsifu kwa ndugu na jamaa. Kila aliyemuulizia nilimjibu, "Mama hasumbui kabisa. Siku nzima hata hujui kama yupo." Nilisema hivyo kwa miezi saba, na nilikuwa nasema kweli.

Alhamisi, saa nne asubuhi, dada yako akiwa dukani kama kawaida, nilikuwa nachora ngazi. Nikasikia ukuta unakwaruzwa. Kisha nikasikia jina langu la utotoni, lile ambalo sitaliandika hapa maana utalitangaza mtaa mzima. Nikaenda. Mama alikuwa ameketi kitandani, jua la dirishani limempiga usoni, mkono mmoja ameukinga juu ya macho na mwingine uko ukutani. Akanitazama kama mtu aliyepata mgeni.

"Leo umesikia," akasema.

Nikavuta pazia. Nikamuuliza ameita mara ngapi.

"Leo mara mbili tu."

"Na jana?"

"Jana sikuita. Nilikuwa nimeshachoka kuita."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia dada yako akirudi mchana. Akanijibu kwamba mchana jua linakuwa limeshahama, sasa amwambie nini? Halafu akanipapasa mkono, kana kwamba mimi ndiye niliyepasuliwa koo. "Nilijua una kazi nyingi, mwanangu. Mashine ilikuwa inalia kila siku."

Sasa tazama ulichonifanyia. Nilikuwa mtoto mwema. Ukoo mzima unanijua hivyo. Sanduku lako, kwa asubuhi moja, limenigeuza kuwa mtu ambaye mama yake alikuwa akimwita miezi saba nyuma ya ukuta wa tofali moja. Hakuna aliyekutuma uniletee habari hizo. Ningeweza kuishi bila kuzijua, na nilikuwa naishi vizuri tu, nakula nashiba, nalala usingizi.

Tena ameshagundua kwamba anasikika. Jana Ijumaa aliita mara kumi na moja. Fungua dirisha. Funga. Nani amepita? Yule anayecheka nje ni nani, mbona anacheka peke yake? Mara ya tisa hakuwa na shida yoyote; alisema alitaka kuhakikisha kama bado nasikia. Ngazi ya Bwana Roshani mpaka sasa ina vidato saba na inaishia hewani.

Usidhani sikujaribu kujisaidia. Niliwasha feni ya mezani, dada yako akaizima akisema mtu aliyevaa sweta haoni joto. Niliwasha redio, mama akaomba isogezwe ili naye aifuatilie, na tangu hapo ni yake. Niliimba. Sitaki kulizungumzia hilo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ufanye mojawapo ya haya: unirudishie pawasaplai ya zamani pamoja na mngurumo wake, au unitafutie mpya yenye wati zilezile lakini feni yake iwe ndogo na yenye hasira, au, kwa utu wako, ulegeze skrubu mbili za hiyo iliyopo ili ipate cha kusema. Nakupa siku saba. Zikipita nitalifikisha suala hili ngazi za juu, yaani kwa mama yako.

Nisalimie mkeo na wanao wote, hasa yule aliyeniuliza kama kompyuta yangu imekufa. Msalimie pia jirani yako anayepigilia misumari kila Jumamosi. Sasa hivi namsikia hata yeye. Dada yako anakusalimu. Mama naye anakusalimu, tena amerudia mara mbili, na zote mbili nimezisikia.

Wako mwenye masikio yasiyo na pa kujificha,

Shemeji yako,
Mchora Ramani.

TANBIHI: Barua hii niliimaliza jana Jumamosi, nikakosa mtu wa kuileta. Usije na bisibisi. Asubuhi hii nimehamishia meza chumbani kwa mama, kompyuta na nyaya zake zote, na dada yako amenisaidia kubeba. Mama alikitazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani atakayekaa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Bwana Roshani, kwa kuwa kiko mbali na kila mtu. Nikajibu kwamba ni cha wazee. Nimekihamishia mbele, kando ya sebule, na mlango wake nimeupanua. Mteja nitamweleza kesho.

Na swali moja la kitaalamu, ukipata wasaa: friji yetu inanguruma sana, na nikiwa jikoni simsikii mama. Je, kuna zisizo na sauti?