Yowe la Nyota na Ghorofa ya Pili

Jumanne, tarehe tisa Machi. Manyunyu tangu alfajiri, na upepo wa kugeuza miavuli. Saa mbili kamili Mamlaka ya Anga ilibandika mlangoni tangazo la furaha: ili kuwahudumia wananchi kwa ufanisi zaidi, mbingu zimegawanywa rasmi katika idara mbili. Chochote kitakachotoa mmweko wa mwanga angani kitashughulikiwa na Idara ya Mimweko, ghorofa ya pili. Nyota yoyote itakayokufa itashughulikiwa na Idara ya Vifo vya Nyota, ghorofa ya tatu. Karatasi za ghorofa hizo zisichanganywe kamwe.

Mama Faili, karani wa masjala kwa miaka kumi na minane, alilisoma huku akikung'uta mwavuli. Masjala ilikuwa ghorofa ya chini, mahali karatasi zote zilipofikia kabla ya kutenganishwa.

Siku hiyohiyo ikaingia taarifa ya kwanza. Setilaiti imenasa mmweko wa miale ya gama, mkali ajabu, wa sekunde arobaini. Mama Faili akanakili anwani yake ya angani, tarakimu kumi na mbili, akaipandisha ghorofa ya pili. Mkurugenzi wa Mimweko akaandika pembeni: "Umeonekana. Umezimika. Shughuli imekwisha."

Siku nane baadaye ikaja nyingine. Darubini imeona nyota kubwa ikilipuka, mlipuko ambao wataalamu huuita supanova. Hiyo ilikuwa ya ghorofa ya tatu. Mama Faili akaanza kunakili anwani, kalamu ikasita. Tarakimu zilikuwa zilezile kumi na mbili.

"Ee Mungu wangu," akanong'ona. "Huyu kapiga yowe kwanza, ndipo msiba ukaonekana."

Kwenye masomo ya jioni aliyohudhuria, mwalimu alikuwa ameeleza: nyota kubwa ikiishiwa, kiini chake huporomoka kikawa shimo jeusi, na miale mikali huchomoka pande mbili kama maji kwenye mpira uliotoboka. Mlipuko wenyewe hung'aa polepole, siku kadhaa baadaye. Mama Faili akapanda ngazi.

"Mheshimiwa, hizi mbili ni kitu kimoja. Darubini zikigeuzwa wiki hii, kabla nyota haijafifia, itathibitika. Zikichelewa, basi tena."

Mkurugenzi wa Mimweko akavua miwani. "Mama, mmweko umefika tarehe tisa. Kifo kimefika tarehe kumi na saba. Umeona wapi mtu akalia leo, akafa wiki ijayo?"

"Hospitalini, mheshimiwa."

"Usinichezee. Vikiwa kitu kimoja, idara zitakuwa ngapi?"

Mama Faili akahesabu kwa vidole. Kidole kimoja kikatosha.

"Umeiona hatari yake?" akasema Mkurugenzi, na kumfungulia mlango.

Mama Faili alirudi chini, akafumba macho, akaomba kwa ufupi maana kazi ilikuwa nyingi. Kisha akazibana karatasi zote mbili kwa kibanio kimoja, akazituma pamoja kwa vituo vya darubini vya nje, kama taarifa za kila siku.

Ijumaa ya wiki iliyofuata akashtakiwa kwa kosa la kuunganisha bila kibali. Adhabu ilikuwa kusoma kiapo cha kutounganisha tena mbele ya wafanyakazi wote, kisha kukabidhi funguo na kwenda nyumbani. Kiapo kilikuwa kimeshapigwa mhuri. Akapewa akipitie. Kwa kuwa alizoea kusahihisha barua za wakubwa, akarekebisha kidogo kwa kalamu nyekundu.

"Shoga, umeunganisha nini tena?" akauliza mfagizi ukumbini.

"Karatasi mbili tu, dada."

"Afadhali. Nilidhani umemuunganisha bosi na kazi."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Katibu Mkuu na barua mkononi, ameloa mabega.

"Hongereni! Vituo vitatu vya nje vimegeuza darubini. Mmweko na mlipuko vimetoka kwenye nyota ileile. Wanatushukuru kwa kuwawahisha. Nani ameunganisha?"

Mkurugenzi wa Mimweko akaificha hati ya mashtaka mgongoni. "Mimi, mheshimiwa."

"Hebu nifafanulie, mimi si mtaalamu."

"Ni rahisi, mheshimiwa. Mmweko wa namna hii haujitegemei. Ni yowe tu la nyota inayokufa."

"Yowe tu?"

"Yowe tu, mheshimiwa. Hakuna la zaidi."

Mkurugenzi wa Vifo vya Nyota akatikisa kichwa kukubali, kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha kazini.

"Basi yowe halihitaji ghorofa nzima," akasema Katibu Mkuu. "Idara ya Mimweko iingie ndani ya Vifo vya Nyota, leo. Masjala kuna nafasi ya kumweka mkurugenzi wake?"

"Ya karani msaidizi, mheshimiwa," akajibu Mama Faili. "Iko wazi miaka sita."

"Na mkutano huu ni wa nini?"

Mkurugenzi wa Mimweko akaikunja hati mgongoni. "Kiapo, mheshimiwa. Cha... karani wa masjala."

"Safi sana. Umejiandaa mapema."

Mamlaka haipotezi karatasi yenye mhuri. Mkurugenzi akasimama mbele ya wafanyakazi thelathini na wanne, akasoma, pamoja na maneno mekundu: "Mimi, karani wa masjala, naahidi kwamba sitatenganisha kilicho kimoja, na nitamtii aliye juu yangu."

"Paza sauti, mwanangu," akasema Mama Faili, funguo mkononi. "Mashahidi wa nyuma hawajasikia."

Mkurugenzi akavuta pumzi. "Nitamtii aliye juu yangu!"