Vijana Wangu na Saruji ya Mtaro

Jumanne, 4 Juni
Mtoto katumbukia mtaroni tena. Mara hii hadi kiunoni! Nimemtoa, nimemwogesha, nimemfokea, nimemkumbatia, nimemfokea tena. Saruji ya kuufunika mtaro ipo, imerundikwa ofisi ya mtaa. Mwenyekiti anaitaka ajengee kibaraza cha ofisi, apate pa kupunga upepo. Jumamosi mkutano unapiga kura. Wazee watamfuata, wameshazoea. Vijana wangekuja tungemshinda. Lakini vijana hawa! Mkutanoni hawajakanyaga tangu wazaliwe.

Jumatano, 5 Juni
Nimewafuata wanapokaa, mtoto mgongoni. Nimeongea haki, wajibu, kesho yao. Mmoja kapiga miayo mpaka nikayaona magego. Mwenzake, fundi simu, kauliza, kwani dada, huko ukumbini kuna pa kuchaji? Wifi yangu, mpambe wa mwenyekiti, kapita akicheka. Eti nimekosa kazi nyumbani, nimegeuka mlezi wa wavivu. Acheke tu. Fundi kanipa wazo!

Alhamisi, 6 Juni
Nimetangaza: Jumamosi ukumbini, kuchaji simu bure. Wote wanakuja. Fundi simu kataka kujua watapigia kura nini. Nikamwambia asijisumbue, hayo aniachie mimi. Nikinyoosha mkono, nyoosheni. Basi. Nianze kueleza habari za saruji, na beseni limejaa nepi?

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi pomoni! Wazee wamekosa viti. Wifi kanuna. Mimi mbele kabisa, mtoto mgongoni, roho kwatu. Mwenyekiti kauliza, wanaotaka kibaraza ni nani? Hapo hapo mtoto kanikamata nywele, kavuta kama anang'oa magugu. Nikapeleka mkono juu kumbandua.

Mikono ya vijana ikapaa yote. Macho kwenye simu, mikono hewani. Kibaraza kimepita! Nimepiga kelele kwamba nilikuwa naokoa nywele zangu tu. Mwenyekiti kasema kura ni kura, mama, kisha kanishukuru mbele ya watu kwa kuwaleta vijana. Wifi kapiga vigelegele. Nimelia njia nzima.

Jumapili, 9 Juni
Fundi simu kaja mlangoni, kichwa chini. Kasema, dada, ungetuambia ni habari ya mtaro, tungenyoosha wenyewe bila kukutazama. Hata mdogo wake alishatumbukia humo. Nikamwambia asinifundishe kazi. Vijana wakianza kufikiri, kila mmoja atakuja na lake, tutafika lini?

Kosa lilikuwa la mkono. Mkutano ujao nitadai kura irudiwe kabla saruji haijachanganywa, na ishara nimebadilisha: nikikohoa, wanyooshe. Nimeshawaarifu wote. Kikohozi mtoto hawezi kukivuta!

Nimesukuma meza mlangoni asitoke nje. Analia, maskini, mwanangu. Ningemwimbia, ila koo linaniwasha tangu asubuhi, na kifua nacho kimeanza kubana.