Makengeza kwa Kigiriki

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Kliniki ya macho. Daktari kaandika kwenye kadi: strabismasi. Nikauliza ni nini. Akasema Wagiriki wa kale walimwita hivyo mtu ambaye macho yake hayaelekei pamoja; asili yake ni kugeuka. Yaani makengeza! Miaka kumi na tisa nazunguka mtaani Junda na Kigiriki usoni, sina habari! Upasuaji Alhamisi. Sharti: nije na mtu wa kunirudisha nyumbani. Nikasema watu ninao tele.
Njia nzima nikawahesabu. Mama yuko Lamu kwa dada. Chumbani ni mimi na feni.

Jumanne, 9 Septemba
Kuomba siombi. Nani atamsindikiza mwenye makengeza? Watacheka tu. Mwenye strabismasi je? Watagombania kunisindikiza! Nikaenda maskani, wanakocheza dama kwa vizibo vya soda. Fidel hukataa kucheza nami, eti hajui natazama kete ipi. Nikatangaza kwa sauti ya msiba: nina strabismasi, Alhamisi napasuliwa. Fidel akauliza hiyo iko wapi mwilini. Nikamwambia mgonjwa hahojiwi.

Jumatano, 10 Septemba
Balaa. Fidel kaosha vizibo vyote kwa sabuni. Salem wa maskani hiyohiyo kahamisha kiti mbali nami. Bi Mwanarehema wa mahamri kanihudumia kwa koleo. Wallahi, koleo! Kaniombea shifaa kutoka mbali. Ningetamka makengeza, yangekwisha. Lakini bingwa harudi nyuma.

Alhamisi, 11 Septemba
Nilikwenda peke yangu. Nesi akauliza msindikizaji yuko wapi. Nikasema yule pale, nikatazama benchi. Akafuata jicho langu la kushoto, akamwendea mzee wa watu. Mzee akaapa hanijui. Nikarudishwa.
Bi Mwanarehema akaniona na jicho lilelile. Mjukuu wake kalitafuta neno kwenye simu. Akanikemea: kumbe makengeza, mwanangu! Ungesema, ningefunga banda nikaenda nawe. Akanipa hamri kwa mkono. La moto. Akauliza miadi mipya ni lini.
Nikamwambia asijisumbue, watu ninao tele.

Ijumaa, 12 Septemba
Miadi ni Alhamisi ijayo. Mtu wa kunisindikiza, sharti lilelile. Nimetafakari sana, kosa nimeliona: neno halikuwa zito vya kutosha. Nyuma ya kadi nesi kaandika jingine: ambliopia, eti jicho vivu. Kigiriki hichohicho! Hili halina mjanja.
Nimelitamka mara tatu kwa sauti ya msiba. Feni ikageuka, ikanitazama, ikapita.