Pima Maji

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamua. Marumaru za bafu la ndani naziweka mwenyewe. Nyumba yangu, sakafu yangu, mikono yangu. Basi.

Chanzo ni hiki. Mke wangu ni mjamzito, mimba ya kwanza, na mtoto tunamtarajia mwezi ujao. Mama mkwe atakuja kumwangalia. Lakini Mama mkwe ana goti bovu, na bafu tunalotumia sasa liko uani, limezungushiwa mabati, unaoga juu ya mawe yanayoteleza. Leo asubuhi mke wangu aliniambia, kwa ile sauti ya upole inayonitisha kuliko kelele, kwamba mama yake atakaa penye bafu la ndani. Kama si kwetu, basi kwa dada yake. Na yeye atamfuata mama yake huko huko, ajifungulie huko.

Kwa dada yake! Yaani kwa mwanyumba wangu, yule bwana aliyemwoa dada mtu. Nyumba yake ilikamilika mwaka jana, na kila tukienda ananitembeza chumba kwa chumba huku akizima na kuwasha taa. Mwanangu azaliwe kwa yule? Nikitaka kumbeba mtoto wangu nianze kupiga hodi? Thubutu!

Mke wangu akauliza kwa nini tusimwite fundi. Fundi marumaru wa mtaani kwetu tunamwita Utaniita, maana kila mtu anayeikataa kazi yake, yeye humwambia hivyo, halafu anaondoka akipiga mluzi. Simwiti. Nina mpango mzuri zaidi. Nitamkaribisha chai, nimchote maarifa yote bila mwenyewe kujua.

Jumanne, 5 Agosti

Chai imefanya kazi. Utaniita amemaliza birika zima. Nikajifanya napiga soga tu, nikamuuliza mtu akitaka kuweka marumaru bafuni huanzia wapi. Akapuliza chai yake, akanitazama kwa jicho moja.

"Kwanza pima maji," akasema. "Bila pima maji, yote ni kazi bure."

Nikatikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa. Alipoondoka nikabaki nimekaa, nashangaa nilivyokuwa mjinga. Pima maji! Inaingia akilini kabisa. Bafu ni la maji. Utalijengaje bila kujua litapokea maji kiasi gani?

Nikaanza utafiti papo hapo. Nimechora alama kwenye ndoo kwa mkaa, nikaoga, nikasoma alama. Nikamwomba mke wangu naye aoge. Akasema ameshaoga. Nikamwomba arudie, kwa faida ya ujenzi. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa, lakini akaoga.

Nikaona sampuli ya watu wawili ni ndogo. Jirani yetu, mke wa dereva wa lori, alikuwa anaoga kwenye mabati yake. Nikasimama nje kwa heshima zote na kumuuliza amefika kopo la ngapi. Mume wake ndiye aliyetoka kunijibu. Tuyaache hayo.

Matokeo: mwanamume ndoo moja, mjamzito ndoo moja na nusu. Jirani haijulikani.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu ya mwaka. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi kuchukua marumaru. Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani, akaniuliza kama pima maji ninayo. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimeshapima, ni ndoo moja na nusu. Akauliza tena. Nikarudia, taratibu, asikie vizuri. Akawaita wenzake kutoka stoo waje nao wasikie. Nikawaeleza wote, na habari ya alama za mkaa nikaongeza, nikidhani wanajifunza.

Kumbe pima maji ni kifaa! Ni kama rula nene ya chuma, katikati ina kichupa cha maji, na ndani ya maji kuna kipovu cha hewa. Ukikilaza mahali palipo sawa, kipovu kinatulia katikati. Pakiwa na mwinamo, kinakimbia. Basi! Aibu ikanitoka pale pale dukani. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii. Nilikilaza kwenye kaunta, kwenye mzani, kwenye bega la mlinzi, mpaka dada wa miwani akaniuliza kama nanunua au nacheza.

Nimenunua. Na nyumbani nimepima kila kitu. Meza imeinama. Kabati limeinama. Kitanda kimeinama upande wa mke wangu, na sasa najua kwa nini shuka huishia kwake. Halafu nikailaza pima maji juu ya tumbo lake. Kipovu kikasimama katikati kabisa. Mara mtoto akapiga teke, kipovu kikaruka huko, kikarudi. Tukacheka wote wawili mpaka machozi. Nikamuuliza kwa nini kipovu hupanda juu kila mara. Akasema kwa sababu ni hewa, na sakafu naanza lini?

Jumapili, 10 Agosti

Siku kubwa! Tumealikwa chakula kwa mwanyumba. Mama mkwe ameshafika, amefikia kwao kwanza. Nilikwenda na pima maji nimeichomeka mgongoni ndani ya koti. Chakula kizima nilikaa wima kama ninapigwa picha ya pasipoti. Shemeji akaniuliza kama nimeumia. Nikasema ni heshima tu.

Nikaomba kwenda kujisaidia. Nikajifungia bafuni, nikalaza kifaa sakafuni. Lo! Kipovu kikakimbilia upande wa mlango. Nikahamisha. Kikakimbilia mlangoni tena. Kila pembe ni hivyo hivyo. Sakafu ya mwanyumba imeinama! Bafu lote limekaa upande! Bafu linalosifiwa na ukoo mzima!

Nilirudi mezani roho kwatu. Nikasubiri Mama mkwe ameze, nikamuuliza kwa upole anawezaje, na goti lile, kuogea kwenye sakafu iliyopinda. Shemeji akaweka kijiko chini. Nikatoa pima maji mgongoni kama ushahidi. Mwanyumba akasema taratibu kwamba bafu ndivyo linavyotakiwa kuwa. Utetezi gani huo! Hata mimi nikishikwa nitasema ndivyo nilivyotakiwa kuwa.

Nikamwahidi Mama mkwe sakafu iliyonyooka kama meza. Akasema atakuja Jumamosi kuiona. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu sana. Nadhani alikuwa ananipongeza.

Jumatano, 13 Agosti

Kazi imekwisha! Mgongo umekwisha pia. Lakini nimejifunza mengi, na ninayaandika yasije yakapotea.

Marumaru huloweshwa kabla ya kupachikwa, la sivyo hunywa maji yote ya saruji na kubanduka. Nimeligundua hilo baada ya kuzibandua za mstari wa kwanza kwa kidole. Pia marumaru haikatwi kwa kisu cha jikoni. Pia kisu cha jikoni kina mwenyewe, na mwenyewe anakitafuta.

Somo kubwa kuliko yote: usianzie mlangoni. Mimi nilianzia mlangoni. Nilipopachika ya mwisho nikajikuta kwenye kona ya ndani kabisa, mbele yangu sakafu mbichi yote, mlango uko ng'ambo. Nikatokea dirishani, kichwa kwanza, mke wangu akinielekeza pa kushika. Dereva wa lori alikuwa uani kwake. Akaniuliza kama bado napima.

Haidhuru. Kipovu kiko katikati! Nimepima kila hatua, na kila mahali kimetulia tuli. Hata kipande chenye kitundu cha kutolea maji nimekilaza sawasawa na wenzake. Nimelifutafuta bafu kwa kitambaa mpaka najiona uso. Mwanyumba ni nani sasa mbele yangu?

Ijumaa, 15 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa majaribio. Nikamwita mke wangu ashuhudie, nikamwaga ndoo moja na nusu, kwa mujibu wa utafiti. Maji yakatandaa. Yakatulia. Nikamwambia aone yalivyotulia. Tukayasubiri yaende kwenye kitundu. Hayakwenda. Yalikaa tu kama watu waliofika kwenye mkutano kabla ya mwenyekiti. Halafu yakaanza kutembea, taratibu, upande wa mlango, kwa sababu kizingiti nilikuwa nimekisahau. Yakaingia chumbani. Begi la nguo za mtoto lilikuwa chini, karibu na kitanda.

Mke wangu alizikamua moja moja, akazianika. Zilipokauka akazikunja. Kifulana kimoja kidogo cha kijani alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Roho iliniuma vibaya sana. Afadhali angenitukana.

"Kesho mama akija naondoka naye," akaniambia. "Sina hasira na wewe. Nataka tu pa kumwogeshea mtoto."

Nimekaa bafuni peke yangu, miguu ndani ya maji. Nikachukua limau jikoni, nikaliweka sakafuni baada ya kukausha. Halikusogea. Nikalilaumu kwanza. Halafu nikamfikiria mwanyumba. Kwake kipovu kilikimbilia mlangoni. Kipovu hupanda juu. Kwa hiyo mlangoni ndiko juu. Kwa hiyo maji yanakwenda chini, konani. Na konani kuna nini? Kitundu!

Kumbe! Kumbe yule bwana alisema kweli, na mimi nilimtolea ushahidi mezani mbele ya mama mkwe wetu sote! Natamani ardhi ipasuke, lakini kwa nilivyoisawazisha haitapasuka.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi hodi. Mwanyumba, kwenye ovaroli, nyundo mkono mmoja, tindo mkono wa pili. Mke wangu amempigia simu. Nilisubiri anicheke. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilikuwa nimeshaandaa majibu.

Tulivunja sakafu yangu yote. Niliomba zile za kona zisalie kama kumbukumbu, akakataa. Akafunga uzi kutoka mlangoni mpaka kwenye kitundu na kuushusha kidogo, upana wa kidole tu. Nikamuuliza kwa nini kidole, kwa nini si mkono. Akasema ukizidisha utaoga unateleza. Nikamuuliza ameyajulia wapi haya. Akaendelea kupachika, halafu akasema bila kuniangalia:

"Mwanyumba, maji ya bafu langu la kwanza yalinifuata mpaka kwenye makochi. Unafikiri kwa nini nawatembeza wageni haraka haraka sebuleni?"

Nilicheka mpaka nyundo ikaniponyoka. Lazima nikiri, ilikuwa siku nzuri. Sirudii tena kuandika hivyo kuhusu yule mtu.

Mama mkwe alipofika tukamwambia sakafu ni mbichi, aje Jumatatu. Mke wangu amekubali kungoja. Begi liko mlangoni, limefungwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Mama mkwe amekuja na fimbo yake. Mwanyumba na shemeji wakamsindikiza. Akavua viatu, akaingia bafuni, akaijaribu sakafu kwa mguu mzima, halafu kwa ule mbovu. Akaomba kopo la maji, akamwaga mwenyewe. Maji yakaenda moja kwa moja kwenye kitundu. Akamwaga jingine. Yakaenda. Akauliza fundi ni nani. Nikasema ni sisi. Mwanyumba akakohoa.

Kisha akatembea nyumba nzima. Akaiona swichi inayoning'inia. Akaufungua mlango wa chumbani unaogonga kabati. Akanitazama mimi na pima maji yangu mkononi, akanitazama kwa muda mrefu. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya begi, amelishika.

"Mwanangu, rudisha begi ndani," Mama mkwe akamwambia. "Kwa dada yako hakuna kinachonihitaji. Mtoto anakuja hapa, na baba yake ndiye huyu."

Baba yake ndiye huyu! Mbele ya mwanyumba! Sijapata kusifiwa hivyo tangu nizaliwe. Mke wangu alianza kulia, halafu akacheka, akacheka mpaka akajishika tumbo na kukalia begi. Shemeji naye. Furaha imewazidi. Nikampa mwanyumba mkono wa pole, maana kushindwa si jambo jepesi.

Wamekwenda. Mke wangu na mama yake wako bafuni, nawasikia wanamwaga maji na kucheka. Mimi nimeshaanza kuchanganya saruji ya chumba cha mtoto. Somo limeniingia barabara: sakafu bila mwinamo si sakafu. Na mwanyumba, pamoja na ujuzi wake wote, vyumba vyake vya kulala vimelala tambarare! Mtoto hukojoa, humwaga maziwa, hayo yote yataelekea wapi? Nitaanzia dirishani, juu, nishuke mpaka mlangoni, na si kwa kidole kimoja. Kidole ni cha waoga. Ninashusha mkono mzima.

Nitawafanyia mshangao. Kitanda cha mtoto nacho kimeletwa leo, nimekiweka tayari pale dirishani. Kitanda kizuri sana, cha kisasa, kina magurudumu manne.