Bakuli la Bi Mwanamize

Jumatatu, 2 Machi
Ramadhani. Mvua, Saltley nzima, mtaa wetu huku ughaibuni, imelowa. Posa yangu iko mikononi mwa Bi Mwanamize, mama yake Asmahan. Posa ya Suhaib, muuza simu wa Alum Rock Road, nayo iko hapo hapo. Jibu siku ya Idi. Leo magharibi Bi Mwanamize kaniletea kaimati ndani ya bakuli la kauri lenye maua ya buluu. Nimekula zote, na shira nimeilamba. Nasikia Suhaib naye kapelekewa. Basi huu ni mtihani!

Jumanne, 3 Machi
Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata mtoto anajua. Nilitaka kununua tende. Lakini tende atapeleka Suhaib, hana jipya yule. Nikakumbuka Asmahan anajifunza ufinyanzi huko Digbeth, na kutwa kuwasifu Wajapani. Nikafungua video. Kumbe kwa Wajapani uzuri uko pale pasipo na kitu: chumba hakina kiti, ukuta hauna picha, bakuli halina chochote. Sikuelewa kwa nini, ila msemaji alikuwa na sauti ya upole sana.

Nimerudisha bakuli tupu, linang'aa. Nikamwambia Bi Mwanamize humo ndani hamna kitu, na hicho ndicho kitu chenyewe. Akalitazama bakuli, akanitazama mimi, akauliza kama nimefuturu. Nadhani imemgusa.

Alhamisi, 5 Machi
Kimya. Sielewi. Suhaib karudisha bakuli lake limejaa tende, na halua juu. Asmahan kanipigia. Alisema polepole, ndiyo mbaya zaidi.

"Mselem, honestly, ungeweka hata tende tatu. Mama kutwa anajiuliza kakukosea nini."

Nikamweleza habari za Wajapani. Akasema mwalimu wake ni Mjapani, na akitoka safari haingii darasani mikono mitupu, lazima awaletee biskuti. Mbona video haikusema? Nimechanganyikiwa. Nampenda Asmahan, si mchezo, na leo sikuweza hata kulala mchana.

Ijumaa, 6 Machi
Bakuli limerudi! Lile lile la maua, safari hii tambi za nazi. Moyo wa mama! Sasa nitalijaza. Lakini kujaza tu hata Suhaib anaweza. Nikatafuta video nyingine. Wajapani chombo kikivunjika hukiunga kwa dhahabu, kikawa bora kuliko kilivyokuwa. Bakuli la Bi Mwanamize lina kasoro moja: ni zima.

Nikaazima nyundo kwa Kulwant, jirani wa chini. Akauliza bakuli la nani. Nikasema la mama mkwe, inshallah. Akataka nyundo yake, lakini nilishapiga. Vipande vimezidi nilivyokusudia. Gundi ya viatu. Dhahabu: rangi ya kucha.

Jumamosi, 7 Machi
Nikalijaza uji wa pilipili manga, wa moto kabisa. Mlangoni kwa Bi Mwanamize likaanza kuvuja. Sebuleni likaachia. Uji wote juu ya msala wake. Mimi nimebaki na ua moja mkononi.

Bi Mwanamize hakupiga kelele. Alisema tu kwamba bakuli lile alipewa na mama yake siku aliyoondoka Unguja. Nikamfariji kwamba sasa Wajapani wangelipenda zaidi. Asmahan akakimbilia jikoni. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka, na kuuliza niliogopa.

Ijumaa, 20 Machi
Idi. Tangu asubuhi niko dirishani. Suhaib kapita na kanzu mpya na wajomba zake, wakaingia kwa Bi Mwanamize. Baadaye vigelegele. Kwa ajili ya Idi, nadhani.

Kisha hodi. Asmahan, hina mpaka viwikoni, kaniletea biriani. Hakunitazama sana. Safari hii haimo kwenye bakuli. Imo kwenye sahani ya foili, zile za kutumia na kutupa.

"Mama anasema chombo usirudishe," akasema, akaondoka.

Nikaila yote, nikabaki na sahani. Mwisho nikafungua video. Wajapani wanafundisha kwamba hakuna kinachodumu, na ua ni zuri kwa sababu litadondoka. Chombo cha kutupa! Kumbe mama wa watu kaelewa kila kitu! Anazungumza nami kwa falsafa, na Suhaib na halua yake hajui lolote.

Nimeiosha. Nimeinyoosha mikunjo yote. Kesho naipeleka, tupu.